Stika ya Hapana-Hapana

Kerkbuurt 14,
Oosterwierde,
Friesland, Uholanzi.
Jumatano, 7 Oktoba 1998

Mpendwa mdogo wangu Douwe,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko siku zote tulizonyamaziana. Hujambo? Goti lako lile lililopigwa teke na ndama linaendeleaje? Wifi yangu Noeline hajambo, na macho yake je, daktari amesemaje? Binti yenu Anneke na mumewe wazima? Najua huko New Zealand ng'ombe wanazaa kwa mpigo wakati huu, nawe uko matopeni tangu alfajiri na tumbo tupu. Kula, Douwe. Mtu wa miaka sitini na miwili si wa kushinda na kahawa mpaka saa sita mchana.

Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo na mifereji imejaa pomoni, lakini ndani kuna joto. Shemeji yako Gerben anasumbuliwa na jino, na kwa mtu anayepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, hilo si jambo dogo, ila kumwona daktari wa meno hataki. Mimi mwenyewe mgongo unaniuma asubuhi, ikifika saa nne nimeshausahau.

Sasa nikuambie lililo kubwa kabla hujaanza kukunja uso. Barua yako ya tarehe 14 Juni nimeisoma Jumamosi iliyopita. Umesoma vizuri, Jumamosi iliyopita, yaani siku nne tu. Usiitupe hii kwa hasira. Sikukunyamazia. Isome mpaka mwisho kwanza, halafu kama bado una hasira nitakubali.

Utauliza ilikuwa wapi. Ilikuwa kwetu, kwenye banda la baiskeli, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu. Ilikuwa imelala ndani ya kipeperushi cha supamaketi, kati ya bei ya nyama ya kusaga na bei ya sabuni. Muda wote huo mimi nilikuwa nakusema vibaya kila siku ninapoosha vyombo, na Gerben ni shahidi.

Kisa chenyewe ni cha kuchekesha na kuliza, basi acha nikusimulie kwa utaratibu.

Aprili nilipokuandikia ile barua fupi, nilikuwa nimeichana mara sita. Ukubwa jalala, mdogo wangu, na mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, hivyo nikaona ni zamu yangu kuinama. Nikaipeleka posta mwenyewe. Siku kumi kwenda, siku kumi kurudi, na nikakuongezea wiki mbili za ukaidi kwa sababu wewe ni mtoto wa baba yako. Baada ya hapo nikaanza kusubiri.

Nikawa mtumwa wa sanduku la barua. Unalikumbuka, lile la bati alilolisimamisha baba langoni, ambalo kifuniko chake kinagonga kama sufuria imeanguka. Kila kikigonga nilitoka mbio, mikono ina unga, viatu sijavaa. Nikifungua, matangazo. Magodoro. Vigae vya bafuni. Viti vya bustani. Wiki moja niliteremshiwa vipeperushi vitatu vya matairi, na gari letu lina magurudumu manne tu, yote mazima. Moyo ulikuwa unaruka mara tano kwa wiki kwa ajili ya godoro. Kwa umri wangu hiyo ni hatari.

Ilifika mahali sikutaka hata kuyatazama. Nilikuwa nayakumba yote kwa mkono mmoja, jinsi yalivyokunjwa, nayapeleka moja kwa moja bandani kwenye maboksi ya karatasi kuukuu. Kosa langu ni hapo. Barua yako ni nyembamba, ya karatasi ile ya ndege, ilijipenyeza katikati ya mikunjo, na mimi sikutazama.

Halafu kulikuwa na barua za mama. Ndiyo, mama bado anaandikiwa. Kuna kampuni moja ya vifaa vya kusikilizia ambayo kila baada ya wiki sita inamwalika aje kupimwa masikio bure. Nikawaandikia kwamba Bibi Trijntje amefariki mwaka wa tatu sasa, na kwamba hata alipokuwa hai masikio yake yalikuwa mazima, ila alikuwa hasikilizi tu. Wakajibu kwa adabu sana. Walitoa pole, wakaomba radhi, na juu ya bahasha wakaandika jina la mama. Gerben alicheka mpaka jino likamkumbusha.

Sikukata tamaa. Nilikaa mezani jioni mbili nikaziandikia kampuni kumi na nne, moja baada ya nyingine, zitoe jina la mama kwenye orodha zao, na la baba pia, na la mtu anayeitwa Familia Hoekema ambaye hajawahi kuishi hapa. Kumi na mbili zimetii. Wale wa masikio ndio waliobaki, pamoja na mtu mmoja anayeuza balbu za maua ya tulipu. Huyo wa tulipu nimemwacha, mama alimpenda.

Mwanzoni mwa Julai nikapanda baiskeli mpaka ofisi ya halmashauri kuchukua stika za kubandika kwenye sanduku la barua. Mjini zipo siku nyingi, kijijini kwetu zilikuwa bado ngeni. Wanakupa mbili kwenye bahasha moja. Ya kwanza imeandikwa HAPANA–HAPANA, maana yake hutaki matangazo wala gazeti la bure la kijiji. Ya pili imeandikwa HAPANA–NDIYO, maana yake matangazo hutaki ila gazeti unalitaka. Nilikuwa na hasira, nikabandika ile ya hapana mbili. Ningeona ya hapana tatu ningeibandika hiyo.

Sanduku likanyamaza, Douwe. Sijui kama unaweza kufikiri raha yake. Kifuniko kikigonga nilijua ni kitu cha kweli: bili, au kadi, au wewe. Haikuwa wewe. Lakini angalau moyo ulikuwa unaruka kwa haki.

Sasa sikia balaa lililofuata. Umeondoka siku nyingi, lakini hujasahau kwamba bendi ya baba inaishi kwa karatasi kuukuu. Mpaka leo ni vilevile: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, trekta na tela, wapuliza tarumbeta wote mitaani wakipakia magazeti na vipeperushi, na fedha zinazopatikana kiwandani ndizo zinazotengeneza vyombo vya muziki. Na mwenyekiti wa karatasi ni nani? Ni Gerben. Mwenyekiti wa karatasi, na langoni kwake kuna stika inayokataa karatasi.

Ingekuwa langoni kwetu tu, wangenisamehe. Lakini majirani waliiona. Mmoja akaniuliza nimeipata wapi, nikamwambia, naye akamwambia mwenzake. Kufikia Septemba nyumba saba kati ya kumi na moja za Kerkbuurt zilikuwa na stika, na tela la bendi lilipita mtaani kwetu jepesi hata jibwa la jirani halikubweka.

Mazoezi ya Jumanne iliyofuata nilikuwa jikoni kwenye jumba la bendi, nimetayarisha kahawa, na mlango ulikuwa wazi. Hiltje ndiye aliyeanza. Huyu humjui, alihamia baadaye, anapuliza tarumbeta dogo na mdomo wake hauhitaji tarumbeta.

"Mwenyekiti," akasema, "hivi pale langoni kwako kumeandikwa nini?"

"Kumeandikwa kwamba mke wangu amechoka," Gerben akajibu.

"Haya, mwambie tarumbeta langu nalo limechoka. Linavuja huku na huku. Anayoyakataa mkeo ndiyo yanayonipa mimi pumzi."

Mpiga ngoma akadakia, "Muacheni mzee wa watu. Nyumbani kwake kuna kura mbili, ya mkewe na ya mkewe tena!"

Walicheka mpaka wakashindwa kuanza wimbo. Nikatoka na birika nikawamiminia kahawa mmoja mmoja. Hiltje nikampa ya mwisho, ilikuwa imepoa.

Njiani Gerben akaniambia, "Bibie, umenivua nguo mbele ya bendi nzima." Nikamwambia bendi inayotegemea matangazo ya magodoro ili ipige nyimbo za kanisani ijitafakari. Hatukuongea tena mpaka kesho yake mchana, alipohitaji kujua soksi zake ziko wapi.

Kiburi changu kilipata malipo yake upesi. Bendi huwa na siku ya kahawa na keki mwishoni mwa Septemba, na kila mwaka napeleka keki mbili za tufaha, zile za mama. Ijumaa saa tisa nikafika nazo jumbani, moja kila mkono, nikakuta mlango umefungwa. Siku ilikuwa imesogezwa, walishakula Alhamisi. Tangazo lilitoka kwenye gazeti la bure la kijiji, ambalo mimi nimelikataa kwa maandishi. Gerben alidhani nimesoma, mimi nilidhani Gerben ataniambia, ndoa ya miaka arobaini na mbili hiyo. Nilisimama pale mvuani na keki zangu kama mwombaji aliyekosea nyumba. Nilirudi nyumbani nikaing'oa stika kwa kisu cha kumenyea viazi na kubandika ile ya HAPANA–NDIYO.

Nikaona pia nitengeneze amani na bendi. Nikamuuliza mwenyekiti wa karatasi, karatasi zetu sisi wenyewe zimechukuliwa lini? Akakuna kichwa. Mfinyanzi hulia gaeni, Douwe. Alikuwa anazunguka kijiji kizima kukusanya za watu, na za kwetu hazijaguswa tangu Mei. Banda la baiskeli lilikuwa limejaa hata baiskeli tunazilaza nje. Nikamwambia Jumamosi tela lianzie kwetu. Na juu ya hayo nikatoa magazeti yake ya ukulima ya miaka ishirini, aliyokuwa ameyaficha darini akidhani sijui.

Jumamosi wakaja. Hiltje alikuwa juu ya tela, na kazi yake ni kupanga maboksi, lakini sharti ujue tabia yake: hapangi, anapekua. Anatafuta michoro ya kufuma sweta kwenye karatasi za watu, na akiiona anaichomoa na kuitia kifuani. Bendi nzima inamlalamikia. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, nafagia banda, nikamsikia anapiga ukelele.

"We Baukje! Hebu njoo hapa! Una ndugu wapi huko kwenye stempu za ndege?"

Nikamwuliza ndege gani.

"Ndege huyu hapa, mnene, hana mabawa. Na barua haijafunguliwa, shoga. Umezitupa na barua za ndugu zako?"

Ufagio ulinianguka. Niliona mwandiko wako kutoka chini, ile D yako inayolala chali. Wakanivuta wakanipandisha kwenye tela, nikakaa juu ya magazeti ya ukulima, nikaifungua kwa kidole. Dereva akazima trekta bila kuambiwa. Nililia, Douwe, mbele ya wapuliza tarumbeta tisa, na sioni haya kukuandikia.

"Habari mbaya?" Hiltje akaniuliza, safari hii kwa upole.

Nikasema hapana, ni nzuri, ila anataka jibu kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo basi tena.

"Leo tarehe tatu! Unalilia nini sasa? Shuka kwenye karatasi zangu ukaandike."

Gerben alisema nipige simu. Nilikataa. Wewe mwenyewe umeandika nisipige, kwamba kwenye simu sisi wawili huwa tunapigana, na ni kweli. Ya kutuumiza tuliyasema kwenye simu. Nimetumia siku nne kuandika hii kwa sababu ya kwanza na ya pili nilizichana. Kesho asubuhi naipeleka mjini iende kwa njia ya haraka, na yule wa posta ataipiga muhuri mbele ya macho yangu.

Sasa yale ya mazishi. Kwenye barua ya Aprili niliyapitia juu juu, niliogopa. Ulinipigia ukiwa uwanja wa ndege ukasema, "Siku mbili tu, dada, nisubirini." Nami nikakujibu kwamba bendi haina nafasi ila Jumamosi, na mama wa bendi hazikwi bila bendi. Ukafika Jumatatu jioni, udongo umeshasawazishwa, maua yameshalowa. Ulilala usiku mmoja kwenye chumba chako cha zamani ukaondoka hujagusa kahawa yangu. Nikajiambia wewe ndiye mwenye hasira, mimi nimefanya sawa, mama alistahili tarumbeta.

Alistahili, kweli. Lakini alistahili zaidi mwanawe. Matarumbeta yangeweza kupigwa hata Jumanne na nusu ya bendi. Gerben peke yake angetosha. Nilikosa, Douwe. Nilijua nimekosa tangu ulipouweka ule ufunguo wa nyumba mezani ukatoka, nikashindwa kukuita. Nakuomba radhi, na safari hii sipiti juu juu.

Katika barua yako uliuliza swali moja tu. Umesema ukija Mei kwenye sherehe ya miaka mia ya bendi, je, nitakupeleka mwenyewe kaburini kwa mama, sisi wawili tu, bila bendi na bila watu? Ukasema neno moja linatosha. Ukasema nikikaa kimya utajua, wala hutanisumbua tena. Hilo la mwisho nalisoma kila nikipita mezani, na kila nikilisoma nahesabu siku zilizobaki. Kama huko kwa ng'ombe wako umeshakata shauri kwamba nimekataa, lifute. Ni vipeperushi vilivyokunyamazia. Hiltje asingekuwa mdaku, sasa hivi barua yako ingekuwa kiwandani inageuzwa maboksi ya mayai, na mimi ningekufa nikiamini mdogo wangu hanitaki.

Kwa hiyo nimemsamehe Hiltje kila kitu, hata lile la mchoro wa sweta alioutoa kwenye boksi langu. Jumanne jana nilimpelekea keki nzima ya tufaha. Alikula kipande akasema ungeongeza mdalasini. Ndivyo alivyo.

Nyumba saba za Kerkbuurt bado zina stika zao na tela bado ni jepesi. Bendi wameamua kuongeza mitaa miwili ya kijiji jirani, na Gerben amekubali kuniita mshauri badala ya msaliti. Stika yangu haitoki. Asubuhi hii kifuniko kiligonga nikatoka kwa mwendo wa kawaida, nimevaa viatu, nikakuta gazeti la kijiji na kadi ya mtu wa tulipu. Ameniandikia mimi, kwa jina langu. Mama angefurahi, nami nimeagiza za manjano tuzipande kaburini kabla ya baridi. Mei zitakuwa zimechanua.

Chumba chako nimekifungua madirisha. Godoro ni lilelile la zamani, na usiniambie ninunue jipya, maana bei za magodoro yote ya Friesland nazijua kwa kichwa.

Nisalimie sana wifi yangu Noeline, mwambie mimi na yeye hatujawahi kugombana wala hatutaanza. Msalimie Anneke na mumewe. Gerben anakusalimu, na jino lake pia. Mungu akulinde na mateke ya ndama, akupe usingizi wa kutosha, akulete nyumbani salama.

Uliomba neno moja, nami nimekujazia kurasa sita, kama kawaida yangu. Basi neno lenyewe nimelikata kwa mkasi kwenye stika. Nilirudi kuomba bahasha nyingine pale halmashauri, yule binti akaniuliza, "Mama, una masanduku mangapi?" Nimelibandika hapa chini ya jina langu, la kijani, na gundi yake ni kali, halibanduki.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekungoja langoni,

Baukje

NDIYO